Pumzi Chini ya Vidole Vitano

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, fundi mkuu wa sauti anastaafu baada ya kuitumikia Idara ya Kuingiza Sauti kwa miaka thelathini na mmoja. Jina lake kamili analo mhasibu. Sisi wengine tunamwita Dada Kimya, na hata mkurugenzi alipotutembelea alimwita hivyo, tena kwa kunong'ona, maana alimkuta kazini.

Heshima ya kuandika wasifu huu imeniangukia mimi, mtafsiri wa miswada, baada ya wenzangu kuikwepa mmoja baada ya mwingine. Wanasema mambo ya Studio ya Pili yanasimuliwa kwa mdomo, hayaandikwi. Waoga wakubwa! Mimi, pamoja na kutafsiri, ndiye sauti ya Bwana Ukungu, adui anayewatia watoto hofu kila Jumamosi. Mtu wa namna hiyo hawezi kuogopa chumba chenye zulia ukutani. Au tuseme anaogopa, lakini anaingia.

Dada Kimya aliajiriwa akiwa msichana, enzi ambazo utepe wa sauti ulikatwa kwa wembe na kuunganishwa kwa gundi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuokota vipande vilivyoanguka sakafuni. Badala ya kuvitupa akawa anavisikiliza. Akagundua kwamba hata vile visivyo na neno lolote havifanani: kimya cha asubuhi si kimya cha mchana, na kimya cha chumba chenye watu si kimya cha chumba kitupu. Tangu hapo akawa anakusanya ukimya kama wengine wanavyokusanya vikombe vya chai.

Kwa msioijua kazi yetu, niseme hivi. Mtu akizungumza studio, kati ya neno na neno lazima pawe na kitu chini yake. Ukiacha patupu kabisa, sikio la msikilizaji linashtuka kama mguu uliokosa ngazi. Kwa hiyo kabla ya kurekodi, fundi hunasa nusu dakika ya chumba chenyewe kikiwa kimetulia, kisha huitandika chini ya kipindi kizima, ikizunguka na kuzunguka. Waigizaji husimama mahali pao, pumzi wamezizuia, na hakuna anayethubutu kumeza mate. Kwa hilo Dada Kimya alikuwa mkali, acha tu. Alivua watu saa na viatu. Aliwahi kumtoa mhasibu nje kwa sababu tumbo lake lilikuwa linalalamika njaa. Aliwahi pia kuzima jokofu la mkurugenzi kwa sababu ya mvumo wake, akasahau kuliwasha, na ikabidi idara nzima ile keki ya siku ya kuzaliwa ya mkurugenzi kabla mkurugenzi hajazaliwa.

Kazi iliyomjengea jina ni Vidole Vitano, ile katuni ya mashujaa ambayo watoto wenu wote, pamoja na baadhi yenu msiotaka kukiri, mmekua nayo. Ilitufikia kutoka ng'ambo ikiwa na majina yasiyotamkika, nami nikayabadilisha: Gumba mwenye nguvu, Shahada mwenye kuongoza, Kati anayeruka angani, Pete anayeponya, na Kidogo, mdogo wa wote, ambaye akifumba macho haonekani. Bwana Ukungu anataka kuufunika mji wao ili watu wasahauane. Nikaandika na wimbo wa kufungulia, unaoanza na kidole kimoja hakivunji chawa. Wimbo ulipendwa mno. Shule moja ilipiga simu kulalamika kwamba watoto sasa wanatafuta chawa kwenye vichwa vya wenzao ili wawavunje kwa ushirikiano.

Sauti nyingine zote alizitengeneza yeye. Kati akiruka, mnachosikia ni mwavuli unaofunguliwa kwa ghafla. Ngumi ya Gumba ni mto wa kochi uliolowekwa maji. Mvumo wa pango la Bwana Ukungu ni Dada Kimya mwenyewe akipuliza mdomo wa chupa, na siku hiyo alipuliza hadi akapata kizunguzungu akakaa chini, bado anapuliza.

Sasa tuseme ukweli, maana tunaagana. Katuni ile ina mazuri yake na ina aibu zake, na mimi na Dada Kimya tumebishana juu yake tangu kipindi cha kwanza. Mimi nilikuwa wakili wa katuni. Nilimwambia, hebu tazama, hakuna siku shujaa mmoja anashinda peke yake. Anayekosea anaomba radhi kabla kipindi hakijaisha, hata akiwa Shahada na kiburi chake chote. Kuna siku wanashindwa kabisa, wanakaa kwenye ngazi wanalia, na hakuna anayewaambia wanyamaze. Na Bwana Ukungu hauawi. Mwisho wa kila kisa wanamwachia mlango wazi, akitaka kurudi kuwa mtu mwema arudi. Ni katuni ngapi zinamfundisha mtoto hivyo?

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaanza yeye. Wanabomoa nyumba za watu, hakuna anayefagia. Mtaa ni uleule kila wiki, mama yuleyule mwenye kikapu chekundu anavuka barabara ileile, na hajawahi kufika anakokwenda. Mashujaa hawali, hawalali, hawana mama. Msichana ni mmoja tu, na kazi yake ni kufunga bandeji. Lakini lililomuudhi kuliko yote ni Kidogo. Wachoraji wavivu wale, kila alipofumba macho asionekane, hawakuchora kitu. Hata kivuli! Halafu waandishi nao wakamsahau. Kipindi kingeisha wenzake wanne wanashangilia, asigeuke hata mmoja kuuliza mdogo wao yuko wapi. "Mtoto hasahauliwi hivihivi," Dada Kimya alisema, akigonga meza ya mitambo kwa kalamu. "Yule asiyeonekana ndiye wa kuuliziwa kwanza."

Alikuwa na sababu ya kukasirika. Sauti ya Kidogo ilikuwa ya mdogo wake wa damu.

Mdogo wake alikuwa mwanamke mzima, kimo kikiishia begani kwa dada yake, na sauti ambayo haikuwahi kukua pamoja naye. Tulimwita Kidogo hata koridoni. Mcheshi, mdomo hauna breki, aliweza kumwigiza mkurugenzi mbele ya mkurugenzi na mkurugenzi akacheka. Alikuwa na pumu tangu utotoni. Ukikaa karibu naye ulisikia, mwishoni mwa kila pumzi, filimbi nyembamba kama ya birika ambalo bado halijaamua kuchemka. Dada Kimya aliisafisha filimbi hiyo kutoka kwenye maneno yake, neno kwa neno, na hakukubali msaada wa mtu. Alimbandikia pia alama yake sakafuni, kipande cha utepe mweupe, nyuma kidogo ya maiki kubwa, upande wa kushoto.

Asubuhi moja walifika mapema, wao wawili tu. Kidogo alisimama kwenye alama yake, dada yake akakaa nyuma ya kioo, akanasa kimya cha chumba kwa ajili ya msimu mpya. Tulipofika alituambia hajawahi kupata kimya kizuri kama hicho. Tukakitandika chini ya vipindi vyote vilivyofuata. Wiki iliyofuata pumu ilimbana mdogo wake nyumbani, na hospitali hawakufika. Tulimzika Jumapili. Jumatatu Dada Kimya alikuja kazini.

Nafasi ya Kidogo ilichukuliwa na mwalimu wa chekechea mwenye sauti inayofanana. Siku ya kwanza alisimama pembeni ya alama, si juu yake. Alipoulizwa akasema, "Pale pana mtu," akacheka, kisha akaacha kucheka. Hadi leo anasimama pembeni.

Halafu michoro ikaanza. Mnajua kwamba watoto hututumia michoro yao, nasi tunaibandika koridoni. Wengi wanapenda kuchora pango la Bwana Ukungu. Katika katuni, Ukungu yuko peke yake pangoni. Huo ndio uchungu wake wote. Lakini katika michoro ile palikuwa na mtoto amesimama, amefumba macho. Watoto wa miji tofauti, wasiojuana, wote walimweka mahali pamoja: nyuma kidogo ya Ukungu, upande wa kushoto. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuingia Studio ya Pili.

Wazazi nao wakaanza kupiga simu. Mama mmoja alikuwa mkali kweli, anataka kujua tunawafundisha nini watoto, maana wa kwake kila Jumamosi anavuta kigoda hadi kando ya televisheni, anasema ni cha Kidogo. Baba mwingine alisema binti yake hataki tena picha, anataka kusikiliza tu. Mkuu wa idara wa wakati huo alicheka, na mimi nikacheka naye. Tulicheka hadi ilipofika zamu yangu ya kuongeza maneno yaliyokosekana kwenye kisa cha chupa.

Ilikuwa mchana kweupe. Bwana Ukungu amemfungia Pete ndani ya chupa, anainama kumdhihaki. Studio imefungwa, nimevaa vipokea sauti, kipindi kinacheza masikioni, niko peke yangu kama Ukungu mwenyewe. Nikanyamaza pale mswada unaposema nyamaza. Mtu akapumua. Polepole, na mwishoni filimbi. Nikadhani ni mimi, nikazuia pumzi. Ikaendelea. Nikainama kusema sentensi yangu ya kutisha, na pumzi ile ikaharakisha, kama ya mtoto anayetaka kukimbia lakini hataki kumwacha mwenzake. Nilitoka mle ndani bila viatu na sikusimama hadi kwa mlinzi wa getini.

Dada Kimya alinicheka hadi machozi. Halafu, ili anionyeshe ujinga wangu, alifungua kile kipindi kwenye mitambo. Akaondoa maneno. Akaondoa muziki. Akaondoa mvumo wa chupa. Kimya kikabaki peke yake, akakipandisha juu. Kicheko kikamwishia mdomoni. Alivua vipokea sauti, akavilaza mezani taratibu, akaenda kukaa kwenye ngazi.

Kosa lile asingeweza kulifanya fundi mwingine yeyote. Fundi mwingine angeisikia filimbi mara moja, angesimamisha kila kitu, angeanza upya. Yeye alilala kitanda kimoja na pumzi ile tangu mdogo wake alipoacha kubebwa mgongoni. Akishtuka usingizini aliisikia, akalala tena. Kwa sikio lake haukuwa mlio. Huo ndio ulikuwa ukimya. "Nilipokinasa nilisema, hiki ndicho," aliniambia pale ngazini, akilia bila kujificha. "Sikujua ni yeye. Nilijua tu kwamba pametulia kama nyumbani."

Nilimuuliza juu ya ile kuharakisha, kwa sababu nusu dakika inayozunguka ni ileile, haiwezi kuharakisha. Akasema labda nilisikia moyo wangu mwenyewe. Labda. Sijamuuliza tena, wala sijawahi tena kukaa Studio ya Pili mlango ukiwa umefungwa.

Tangu siku hiyo kimya kile hakikuguswa na mtu, na ubishi wetu juu ya katuni ukaishia hapo, maana aibu yake kubwa kuliko zote ilikuwa imepona. Kwetu Kidogo hasahauliki. Wenzake wakishangilia bila yeye, yupo. Pete akiwa ndani ya chupa, yupo. Hata yule adui pangoni hayuko peke yake. Watoto walilijua hilo kabla yetu, na wala hawakuogopa. Tulioogopa ni sisi wenye mishahara.

Mwaka huu umekuja mtambo mpya. Unasafisha wenyewe, kitu chochote ambacho si neno wala muziki unakila. Kuanzia Jumatatu vipindi vyote vya zamani vitapitishwa humo. Mkuu wetu wa sasa, kijana mwenye adabu zake, alimwita Dada Kimya akamwambia anaweza kuuzuia mtambo usiguse Vidole Vitano, ila uamuzi autoe yeye kabla hajaondoka. Ungedhani ni jambo la kujibiwa mlangoni. Lilimnyima usingizi. Tulimwona akienda na kurudi koridoni mbele ya michoro, midomo inacheza.

Pumzi ikisafishwa, watoto watabaki na Kidogo wa wachoraji, asiyeonekana na asiyeuliziwa, na vigoda kando ya televisheni vitakuwa vitupu. Ikiachwa, yeye anakwenda nyumbani kupumzika na mdogo wake anabaki kazini, pangoni, anahema vilevile mwaka hadi mwaka. "Ana pumu," aliniambia, kana kwamba silijui hilo. "Na miaka yote hii nimemsimamisha pale. Nani anastaafu akamwacha mgonjwa zamu?" Ningelijibu nini mimi, mtu wa kutafsiri?

Jumanne asubuhi alikuja amekwisha kuamua. Alivua saa, akavua viatu, akaniamuru nikae nyuma ya kioo kwenye kiti chake, kiti ambacho sijawahi kumwona mwingine akikikalia. Kisha akaingia ndani. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye kile kipande cha utepe mweupe, ambacho hakikukanyagwa tangu mwenyewe alipokiacha, akasimama juu yake. Akafumba macho. Akaniambia, "Nasa."

Nikanasa. Na yule mtu aliyezuia pumzi yake maisha yake yote ya kazi, aliyetufokea sisi sote kwa kupumua, akapumua. Pumzi nzito, ya mtu mzima, iliyo sawa toka mwanzo hadi mwisho. Nusu dakika ilipotimia alifumbua macho, na kabla ya kugeuka akasogea hatua moja kando, kama unavyompisha mtu mahali pembamba. Alikwenda mlangoni, akaufungua, akaushikilia wazi. Hakuna aliyepita. Alingoja kidogo, ndipo akatoka na yeye.

Siku hiyohiyo tulikiondoa kile kimya cha zamani na kutandika kipya chini ya vipindi vyote, na mtambo ukafungiwa usikiguse. Kile cha zamani ameondoka nacho kwenye mkoba wake. Ndiyo zawadi pekee aliyoiomba. Saa ya ukutani tuliyomnunulia ameikataa, anasema inagonga.

Jioni nilikwenda na kipindi kimoja nyumbani nikamwekea mjukuu wangu, ambaye ana miaka minne na ni mkosoaji asiye na huruma. Sikumwambia lolote, hata mama yake hajui habari hizi. Alivuta kigoda chake hadi kando ya televisheni, kama siku zote, kwa ajili ya Kidogo. Likaja pango. Mjukuu akainamisha kichwa, akasikiliza. Kisha akainuka, akakiondoa kigoda, akaenda mezani, akarudi anakisukuma kwa shida kiti kikubwa. Nikamuuliza kulikoni.

"Kidogo ameenda nyumbani, Babu," alisema. "Huyu ni mkubwa. Hapigi filimbi."

Dada Kimya, kwa vijana uliowafunza kusikiliza kabla ya kugusa vitufe, kwa kila saa uliyotuvua na kila njaa ya mhasibu uliyoivumilia, idara nzima inasema asante. Ijumaa, kabla ya hotuba, tutasimama nusu dakika kama ulivyotufundisha. Mhasibu ameahidi kula kwanza. Atakayesikia mtu anapumua karibu naye asigeuke, asogee tu kidogo ampishe.

Watoto wana mtu wa kukaa nao sasa, kwa hiyo lala bila wasiwasi, uamke utakapo. Nendeni salama, mkapumzike vizuri, nyote wawili.